Laptopu Iliyotaka Kubebwa

Mimi ni fundi cherehani, na katika soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, hakuna cherehani iliyowahi kunishinda. Laptopu ya mke wangu ilipoanza kukataa kuwaka, sikuona sababu ya kumtafuta mtu mwingine. Mashine ni mashine. Nilimwambia atulie, nikachukua bisibisi yangu ndogo na brashi ninayotolea vumbi la vitambaa, nikaifungua mezani huku napiga mluzi.

Nilipoifunga, skrubu moja ilibaki mezani na laptopu haikuwaka. Skrubu niliitia mfukoni kabla mke wangu hajaiona.

Ilikuwa laptopu kuukuu. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi kwa waya wa umeme tu. Ukibonyeza, taa inawaka, feni inavuma, kioo kinabaki cheusi tii, kisha inalia tiit, tiit, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Unaizima, unaiwasha, inalia tena.

Ingekuwa ya kutazamia filamu ningeitupa. Lakini mke wangu alikuwa anamaliza diploma ya kufundisha watoto wadogo, masomo yote kwa mtandao, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa mdomo mbele ya kamera, asubuhi, na walimu walioko nchi za mbali. Programu ya mtihani ilikuwa ndani ya laptopu ile, na simu hawakuikubali. Asipoonekana saa hiyo, anarudia mwaka mzima. Shule ya kwanza aliikatiza kule kwetu Fizi kwa kukimbia vita, ya pili kwa uzazi. Hii ya tatu, alisema, hataiacha kwa sababu ya chuma.

Basi tukaipeleka Lilongwe, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Area 25. Mke wangu aliibeba mgongoni. Mkoba wa laptopu, alisema, kila kibaka wa stendi anautambua kwa umbo lake, lakini hajazaliwa mwizi wa kunyakua mtoto mgongoni mwa mama. Aliifunga kwa kitenge, akaongeza shali juu kwa sababu ya baridi, akatembea akiipigapiga kwa nyuma. Garini alipishwa kiti. Mama mmoja alimuuliza mtoto ana umri gani, na mke wangu akamjibu kwa Kichewa chake cha sokoni kwamba ni mkubwa, ila amechelewa kusema.

Fundi aliichomeka, akabonyeza, ikawaka. Hapo hapo, kioo cheupe na muziki wake wa kufungulia. Palibe vuto, akasema, yaani hakuna shida, akaturudishia. Tukalala Dzaleka, na asubuhi ikalia tiit.

Tukarudi, mke wangu kaibeba vilevile, na kwa fundi ikawaka tena. Safari hii yule bwana aliniuliza kwa adabu kama nyumbani huwa tunakumbuka kuichomeka. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Nilitamani siku moja aniletee suruali, nimkosee vipimo makusudi.

Mtaani kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani mmoja alisema umeme wa kambini ni mchafu. Mwingine akasema ni jicho la watu. Mama wa kikundi cha maombi aliiwekea mikono, nayo ikalia tiit kabla hajafika kwenye amina.

Safari ya tatu mke wangu alikuwa anaumwa mgongo kwa kuinama kufua, hivyo niliibeba mimi, ndani ya mfuko wangu wa vitambaa. Manyunyu ya majira ya baridi yalitufuata njia nzima. Fundi akabonyeza. Tiit. Sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu. Nilimpigapiga fundi begani, nikamwambia asikilize vizuri, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Mke wangu hakucheka. Aliweka kiganja chini ya laptopu, vile anavyompima mtoto homa.

“Iko baridi,” akasema. “We ulibeba mu saki, mi nabebaka ku mugongo. Hii kitu inataka joto.”

Fundi alifikiri, akakubali. Huenda kuna kiungo ndani kimechoka, alisema. Kikipata baridi kinaachana, kikipata joto kinashikana tena. Angeweza kukichomelea, lakini mashine ya umri ule inaweza kufia mezani. Mtihani ulikuwa wiki hiyohiyo. Tukaifunga tukaondoka nayo na ugonjwa wake.

Kazi ya kutafuta joto niliichukua mimi. Nilianza na mbaula, jiko letu la makaa, na herufi moja ikayeyuka ikainama kama imelewa. Jua halikuonekana wiki nzima. Tukajaribu kulala nayo katikati yetu, ikaamka baridi kama jiwe, maana usingizini mimi huvuta blanketi lote. Mke wangu akaniondoa kwenye kazi hiyo.

“Moto haijue kupima,” akasema. “Mugongo njo inajua.”

Asubuhi ya mtihani mgongo wake ulikuwa bado haujapona, na alikuwa amevaa suti niliyomshonea, imenyooshwa, haitaki kitenge juu yake. Alisimama mlangoni na kikwembe, kile kitenge chake cha kubebea, mkononi, akinitazama.

“Inama, papa,” akasema.

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwanamume mwenye wateja. Nilisema nitazunguka nayo ndani ya nyumba. Lakini nyumba yetu, ukianza kuzunguka, umeshagonga kitanda, na mwili usiotembea haupati joto. Nikainama. Alinifunga kwa nguvu, fundo kifuani, shali juu, tukatoka.

Njia ya kwenda ofisi ya kanisa, palipokuwa na mtandao na umeme usiokatika, inapita katikati ya soko. Wauza samaki waliacha samaki. Mteja wangu mmoja aliuliza nimejifungua lini na mbona hawakuambiwa. Mzee mmoja Mnyarwanda alivua kofia akanipa pole ya uzazi. Niliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wakati wote, bila kujua, mkono wangu ulikuwa nyuma unaibembeleza.

Kisha nikamtazama mke wangu. Alikuwa mbele yangu, midomo inacheza, anajikaririsha majibu kwenye karatasi, na akikosea anaanza upya. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu tupu. Nilikaza kile kikwembe nikaongeza mwendo ili nipate jasho.

Ofisini aliichomeka, akabonyeza. Ilikaa kimya muda wa kutosha mtu kukumbuka dhambi zake. Halafu kioo kikawa cheupe, na baada ya kitambo walimu wakatokea, wawili, wamevaa miwani. Walisema chumbani anatakiwa kuwa peke yake. Nikatoka.

Nilisimama chini ya dirisha na wanawake waliokuwa wametufuata kucheka. Hakuna aliyecheka tena. Tulimsikiliza akijibu kwa Kifaransa, taratibu, akieleza namna ya kumpokea mtoto ambaye hajui lugha ya wenzake darasani. Mama muuza samaki alinishika mkono kwa mkono wake unaonuka samaki, na sikuutoa wangu.

Mlango ulipofunguliwa alisema, “Nimejibu yote,” kisha akaanza kulia. Nami nikalia, mbele ya wateja.

Alifaulu. Sasa wanaume wa mtaa wetu wananisalimia nusu mdomo, kwa sababu kila mke akimwomba mumewe jambo naye akakataa, anaambiwa atazame mume wa mwalimu. Wacha wanune. Asubuhi nikipita karibu na darasa la watoto wadogo namsikia mke wangu akiwahesabisha, sauti imejaa uwanja, na huwa nasimama pale hata kama nguo za watu zinanisubiri.