Mguu wa Sakafuni

Miaka ile samaki wazuri walipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mapanki, mifupa iliyokwisha kukwanguliwa minofu viwandani. Mimi niliyakaanga mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nimechuchumaa mbele ya mafiga, na kwa mapanki hayo hayo nikajenga nyumba Kiseke. Shule niliishia darasa la pili. Siombi sifa, nasema tu.

Lori la samaki likaniondolea mguu juu ya goti. Kituo cha walemavu kikanipa wa bandia, mzuri kwa macho, rangi ya chai ya maziwa. Goti halikunjiki. Nani anakaanga samaki amesimama kama nguzo? Niliwaambia mara tatu. Wakasema nitazoea. Mguu ukakaa nyuma ya mlango.

Ndipo kituo kikatuita: wageni wanakuja kupima kama huduma ni bora. Nje ya geti nikawakuta wenzangu wanatoa miguu kwenye viroba na kuifunga haraka haraka.

"Wako ulikuwa wapi?" nikamuuliza mzee mmoja, mvuvi.

"Kuku ameutagia, mama. Leo nimemhamisha."

Tukacheka, na mimi nikafunga wangu. Mgeni haaibishwi, ndivyo tulivyolelewa. Upumbavu mtupu! Aibu yenyewe ilikuwa ya nani?

Ndani, binti mmoja wa wageni, mwenye fomu, akanisalimia. "Shikamoo mama. Mguu unakusaidia?"

"Marahaba. Unanisaidia," nikasema, kwa mdomo huu huu.

"Hebu tembea kidogo."

Nikatembea juu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Wakapiga makofi. Makofi! Kama mtoto anayejifunza kusimama. Hapo nikachemka.

"Sasa nitazame nikikaanga samaki." Nikachuchumaa. Mguu ukanyooka mbele kama mpini wa jembe, nikaangukia makalio mbele ya watu.

Mkuu wa kituo akakimbilia kuniinua. "Mama, kuchuchumaa hakumo kwenye fomu."

"Basi na mimi simo."

Akanisogezea wino niweke dole gumba. "Jina langu naliandika mwenyewe," nikamwambia, "ila hapo siliandiki." Nikafungua mikanda, nikaulaza mguu juu ya fomu zao, nikadai fimbo yangu niliyoiacha getini.

Wenzangu waliweka dole. Nasikia kituo kilisifiwa sana.

Kesho yake nilikaa chini kwenye magamba ya samaki, nikakaanga. Mafuta yaliporuka, sikuweza kuinuka upesi. Kovu ninalo.