Alama ya Kujumlisha

Chama cha wafugaji cha kijijini kwetu, huku mlimani, kiliniomba niandike programu ya kuwatumia wanachama ujumbe kila asubuhi baada ya maziwa kupimwa. Nilikuwa nimepanga chumba Rau, kule chini mjini, najiona mtaalamu.

Ujumbe ulitegemea namba moja iliyobeba machaguo yote. Moja ilimaanisha mshukuru, mbili maziwa yamekataliwa, nne kuna mkutano. Ukitaka kushukuru na kutangaza mkutano, unaunganisha moja na nne kwa mstari wima, ambao haurudii kilichokwisha kuwekwa. Mimi niliweka alama ya kujumlisha. Kwenye majaribio jibu likawa tano kwa njia zote mbili, nikaridhika.

Baadaye mwenyekiti akataka wazee wasikose shukrani kamwe. Nikawaongezea moja, nikisahau kwamba tayari kila mtu alikuwa nayo. Moja na moja ikawa mbili.

Asubuhi iliyofuata wazee wote wakaambiwa maziwa yao yamekataliwa. Mwenyekiti akanipigia. Bila hata kufungua programu, nikamwambia huenda mpimaji amebonyeza vibaya. Mpimaji, dada mmoja mpole, akaondolewa kwenye meza ya kupimia mbele za watu.

Siku ya tatu ndipo nilipotazama. Nilibadilisha alama ile moja, nikamwandikia mwenyekiti kwamba nimerekebisha. Nini hasa, sikusema.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama akanisimulia habari za bibi jirani yetu mwenye ng'ombe mmoja. Tangu apate ujumbe ule hakupeleka maziwa tena. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba anatia maji. Nilishindwa kula ndizi nilizopakuliwa.

Nikaenda kwake. Nilimkuta kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake, akikata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza, mundu mkononi.

"Kwa hiyo maziwa yangu yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri, bibi."

"Mimi nilijua. Kawaambie wao."

Kesho yake asubuhi nikasimama penye foleni ya madumu, nikasema yote, pamoja na uongo wangu kuhusu mpimaji. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilinichoma zaidi. Bibi alirudi kupeleka maziwa wiki hiyohiyo, na yule dada alirudishiwa meza yake. Nikipita pale namsalimu. Huitikia vizuri tu, ila hainui macho kutoka kwenye kipimo.