Dobi wa Nakwa na fainali iliyosubiri dizeli

Saa nne asubuhi, mwanamume mwenye vumbi hadi kwenye kope anaingia katika ukumbi wa mashindano ya sataranji, Babati mjini, na kuuliza kama bado wanaandikisha. Ni Rehani, dereva wa lori. Dumu lake ameliacha kwenye foleni ya dizeli limshikie nafasi.

Kufikia saa nane amewafunga watu watatu. Kwenye fainali anamkuta Kandida, dobi wa kijiji cha Nakwa.

"Shikamoo, Mama Leonia," anasema, maana ndivyo ukumbi mzima unavyomwita. "Usinionee huruma."

"Marahaba. Huruma nimeiacha nyumbani na nguo za watu."

Zawadi ni katoni ya sabuni. Mwaka huu wa 1984 Kandida, mwenye miaka 41, hupata miche miwili kwa mwezi, tena akibahatika. Ikiisha, anafulia maji ya majivu.

"Shuka linatakata, ila vidole vinachubuka," anasema. Wateja wake kumi na wawili wamebaki watano.

Mchezo alifundishwa na mtawa aliyekuwa mteja wake, na huucheza bila woga. Hatua ya pili tu, anamsukuma askari wa ubavuni mwa mfalme aliwe bure.

"Mfalme wangu anabaki wazi, ndiyo," anaeleza. "Lakini vita napeleka kwake."

Rehani anamla askari. Hatua ya kumi na tano, farasi na malkia wa Kandida wameshambana mfalme wa Rehani pembeni. Ni zamu ya Rehani.

"Dizeli imefika!" mtu anapiga kelele mlangoni.

Rehani anaruka. "Mama, dumu halina mikono ya kulipia. Nisubiri!"

"Nenda. Nitakusubiri."

Nusu saa inapita. Mwamuzi, Mwalimu Xaveri, anatazama saa.

"Kanuni inakuruhusu kudai ushindi. Chukua sabuni yako, Mama Leonia."

"Nimemwambia nitamsubiri."

"Na huko foleni anapata muda wa bure wa kufikiria hatua yake!"

"Najua." Anaitazama katoni, kisha vidole vyake. "Kaa, Mwalimu."

Baada ya saa mbili nzima Rehani anarudi, ananuka dizeli. Kabla hajaketi, anasogeza malkia wake. Ukumbi unaguna. Hatua nane baadaye, Kandida anamlaza mfalme wake mwenyewe, kukubali kushindwa, na kucheka kwa sauti.

"Mwakani naanza vilevile," anasema. "Ila kabla hujaondoka, baba, nionyeshe ulivyotoka pale."

Nje, utingo wa lori lake anapiga honi. Rehani anavuta kiti na kuanza kupanga kete.