Neno Kibaka Mazikoni kwa Mama

Siku hizi hata mtoto aliyedokoa sukari huitwa kibaka, na wazazi wake hucheka. Sisi tulioishi Dodoma miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa milango, hatukulijua neno hilo kama mchezo. Mwizi alikuwapo tangu zamani, na jambazi alikuwa mtu wa bunduki na mipango. Kibaka alikuja baada yao, mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu na vijana waliotarajia kuajiriwa wakabaki stendi. Hakufanya kazi peke yake. Mmoja humkumba abiria kama kwa bahati mbaya, wa pili huchomoa pochi, wa tatu huipokea na kutokomea. Neno likishatamkwa kwa sauti sokoni, halikuhitaji ushahidi. Nilimwona mtu akipigwa mawe kwa sababu ya neno hilo, na mpaka leo sijui kama aliiba. Waliojigawia magari ya shirika siku shirika linafungwa hawakuitwa vibaka. Hao waliitwa waheshimiwa.

Nyumbani kwangu Miyuji neno hilo halikutamkwa. Nilikuwa ofisa utumishi, na taarifa zilizopita mezani kwangu zilisema "vijana wasio na kazi maalumu." Mwanangu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Aliacha masomo, akahama, na majirani wakaanza kunisimulia walimwona wapi na akina nani. Niliwajibu kwamba yuko kwenye biashara. Basi la Kondoa, la kwenda kwetu, sikulipandia tena stendi. Nililisubiri mbele barabarani, na suti yangu na mkoba wangu, afadhali nile vumbi kuliko kukutana naye mbele za watu.

Mama yangu, aliyekuwa akiishi kwetu Busi, ndiye ambaye hakubadilika kwake. Yeye ndiye aliyemlea kijana huyo hadi alipoanza shule. Ugonjwa ulipomzidi alisema mbele ya ndugu kwamba kaburini apokewe na mimi, kaka yangu na mjukuu wake huyo. Mwanamke wa Kiislamu hupokewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake, na mjukuu ni mmoja wao. Kwa sheria ya dini hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa machoni mwa watu.

Siku ya maziko mwanangu alifika asubuhi kwa lori la mahindi, akaazima kanzu, akakaa nyuma ya wanaume wote. Niliwaona watu wakipeleka mikono mifukoni. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsogelea. Mimi niliitikia shikamoo yake, basi.

Tulipofika makaburini tulimkuta mtani wetu ameketi juu ya udongo uliochimbwa, miguu ikining'inia kaburini. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Wana haki ya kuzuia maziko, kuwaigiza marehemu na wafiwa, na kudai chao, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

"Hapashukwi," alisema.

"Mtani, tupishe," kaka yangu akamwomba. "Marehemu anasubiri."

"Asubiri. Aliniahidi mbuzi tangu sijaota ndevu, na mimi nimesubiri."

Watu wakacheka. Yeye akageuza kofia yake upande, akainuka, akapita kati ya waombolezaji, akimkumba huyu kwa bega na kumpapasa yule mfukoni, kwa mwendo ule ule wa vijana wa stendi. Aliigiza vizuri mno. Kisha akasimama mbele yangu.

"Bwana mkubwa wa serikali. Naambiwa hapa kuna kibaka. Ni wa nani?"

Kicheko kikakatika. Nami nikafanya jambo ambalo mtu aliyebaki Busi halifanyi: nilimjibu mtani kwa sauti ya ofisini.

"Mzee, hapa si mahali pake. Naomba utaratibu ufuatwe."

"Utaratibu ndio huu," alisema, akarudi kuketi pale pale. "Mbuzi akipotea, mwenyewe huja akamtambua. Huyu hana mwenyewe? Kama hana, hashuki na bibi wa watu."

Kaka yangu akamnyooshea noti. Akaisukuma.

"Leo sili hela, mtani. Nataka jibu la huyu aliyesoma."

Wabebaji walikuwa wamesimama na jeneza mabegani, jua likiwachoma. Sikumtazama mwanangu. Nilitazama udongo.

"Ni wangu," nikasema.

"Nini ni chako? Masikio yangu ni ya uzee haya."

"Kibaka ni wangu."

Mtani akaondoka kaburini mara moja. Aliponipita alinishika bega, akasema, "Pole, ndugu yangu," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

Wapo wanaosema alinitendea wema, kwamba bila yeye kijana angebaki nyuma ya watu hadi mwisho. Inawezekana. Lakini mwanangu alikuwa ameitwa hivyo na wageni tu, na siku ile alilisikia neno hilo kinywani mwa baba yake, mbele ya ukoo mzima.

Alivua viatu, akashuka. Shuka lilitandazwa juu yetu, kama ilivyo desturi anapozikwa mwanamke, tukabaki watatu na mama katika kivuli kile. Kaka yangu alishika miguu, mwanangu kiuno, mimi kichwa. Kichwa kilianza kuniponyoka.

"Baba, mshike chini ya shingo," aliniambia polepole. "Usiogope, mimi ninaye."

Tulimlaza mwanandani, katika shimo la ndani ya kaburi, tukazipanga mbao juu yake. Shuka likaondolewa. Yeye alitangulia kupanda, akageuka, akaninyooshea mkono anivute. Niliinua macho kwanza, nikaangalia ni nani waliokuwa wakitutazama. Aliniona nikiangalia. Mkono wake ulikaa pale pale hadi nilipoushika.