Bosi Wako, Bosi Wangu

Mhudumu wa ofisi ya Jaji Mkuu ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Mumewe ni dereva wa Rais. Tangu waoane, hawajaacha kubishana kuhusu nani kati ya mabosi wao ni mkubwa.

"Nani alimteua bosi wako?" mume huuliza, akivua viatu sebuleni.

"Na wako aliapishwa na nani? Bila wangu, angekuwa mtu mwenye suti nzuri tu."

Mwaka huu utani uligeuka shubiri. Rais alitangaza kwamba madereva wote wa serikali waliovuka miaka hamsini wastaafu mara moja. Mume, aliyekwisha kuvuka, akarudisha funguo za gari na kuanza kushinda nyumbani akihamisha makochi. Madereva walifungua kesi: sheria inawaruhusu kufanya kazi mpaka sitini. Ikapanda hadi mbele ya Jaji Mkuu.

Tai nyeupe za Jaji Mkuu hutiwa wanga na mhudumu huyu nyumbani kwake, kwa sababu pasi ya ofisini iliwahi kuunguza moja. Huzileta nyumbani siku moja tu kabla ya hukumu. Jioni alipozitoa kwenye mkoba, mume aliacha kula.

"Ni kesho?"

"Ni tai, baba watoto. Kula."

"Leo si umempelekea chai? Uso wake ulikuwaje?"

"Una macho mawili na pua."

"Mke wangu, hii ni kazi yangu!"

"Na hii ni yangu." Akaigandamiza pasi.

Ukweli ni kwamba hakujua lolote. Hata hilo hakumwambia. Akizoea kusema kwamba hajui, siku nyingine ataombwa aseme anachokijua. Alimwongezea mchuzi, akaketi karibu naye kuliko kawaida.

Kesho yake Jaji Mkuu alisoma hukumu. Rais ndiye anayeongoza serikali, alisema, lakini sheria iliyopitishwa na Bunge haifutwi kwa tangazo lake. Madereva warudi kazini. Kwenye korido ya mahakama mume alimkumbatia mkewe mbele za watu.

"Niachie, bwana wee, niko kazini," alisema, bila kujitoa.

Siku ya kwanza ya kurudi kwenye usukani, mume alifika nyumbani amenyong'onyea.

"Bosi wako amekununia?"

"Ameniuliza mke wangu anafanya kazi wapi."

"Ukamwambia?"

"Nimdanganye Rais? Nikamwambia. Akanyamaza mpaka tunaingia getini."

"Halafu?"

"Halafu akasema, 'Kesho tunaondoka mapema. Usichelewe.'"

Mke akajitupa kwenye kochi, akacheka mpaka akakosa pumzi. Mume akaenda kutega saa.