Mwanzi wa Paa la Daraja

Babu yangu, Mzee Thoai, alikuwa na miaka themanini na minne alipovuka mto kwenda mji wa Hoi An kurudisha mwanzi. Huku Kim Bong, kijiji cha maseremala, kila jengo lina mwanzi wake: fundi huchora juu yake vipimo vyote, urefu wa nguzo, nafasi za boriti, kisha huulaza chini ya paa kwa ajili ya fundi atakayekuja kukarabati. Ule wa daraja lenye paa huko Hoi An aliushusha baba wa babu walipokuwa wakilitengeneza pamoja. Mafuriko yakawakimbiza, wakaja nao, ukabaki nyumbani. Baba yake alikufa akimwomba aurudishe.

Sasa paa lilikuwa wazi tena kwa ukarabati. Alhamisi lingefungwa kwa vigae, na babu alijua halitafunguliwa tena yeye akiwa hai.

Alikuwa amelala kitandani miaka miwili; asubuhi hiyo akaamka. Mama aliushusha mwanzi kutoka chini ya upenu, yeye akapapasa ncha ya juu kwa vidole, maana macho yalikuwa yamekwisha. Alama ya baba yake ilikuwepo. Akaniambia niubebe.

"Mzee Thoai, leo umekuja na upondo wako?" mwenye mashua akamtania. "Huniamini kuendesha?"

"Nimekuona ukigonga gati mara ngapi, binti?"

Mwanamke akacheka, akamshika mkono kupanda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona babu akitabasamu.

Darajani, mhandisi kijana aitwaye Duyet alitupokea vizuri. Alikwisha kupima kila kitu kwa mashine, lakini alimletea babu kiti na chai. "Mwanzi huu tutauweka, mzee. Ni haki yake."

"Kwanza tuulinganishe," babu akasema.

Tukausimamisha kando ya nguzo. Alama ya boriti ilikuja chini ya boriti kwa shibiri mbili. Babu akainama, akapapasa ncha ya chini. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno.

Mimi nilijua. Babu alipokuwa kitandani, mama aliufanya mti wa kuanikia nguo, na kwa kuwa ulizidi urefu wa baraza, akaupunguza. Kile kipande alikifanya kuni. Sikusema.

"Si neno, mzee," Duyet akasema taratibu. "Tuuweke hivyohivyo. Nani atajua?"

"Fundi atakayekuja atauamini. Atakata nguzo zote fupi."

"Basi tuunge kipande."

"Na alama zake utazitoa wapi? Wewe umepima nguzo za leo. Hizi zilikatwa miguu zilipooza, zikawekewa mawe chini. Alama za miguu ya zamani zilikuwa kwenye kipande hicho tu."

Juu yetu mafundi walikuwa wakipokezana vigae.

Babu aliomba aguse boriti. Hakuifikia. Duyet alitaka kuleta ngazi, babu akakataa, akaomba turudi na mwanzi wake.

Nyumbani, mama alikuwa barazani akikamua nguo kwenye beseni. "Wameupokea, baba?"

Babu aliketi kizingitini. Nilimwona akigeuza uso kuelekea sauti ya mama, na nikadhani atauliza nani aliukata.

"Umekuwa mfupi kwao," akasema. "Lanh, mwanangu, nguo zitaoza humo. Tundika."

Mama akauchukua mwanzi, akauweka barazani. Ukaenea sawasawa, ukuta hadi ukuta.