Mshonaji wa Mfuko wa Upepo

Kwenye kiwanja kile kidogo cha ndege, hakuna mkono mwingine uliowahi kuushona mfuko wa upepo, ule unaowaonyesha marubani upepo unakovuma, ila wa mshonaji huyu. Upepo wa pale haukuwa na adabu. Kila ulipouchana, mumewe, mlinzi wa kiwanja, aliuleta nyumbani umekunjwa kwapani, naye mshonaji akaweka kando sare za shule, akalisukuma turubai zito chini ya sindano mpaka vidole vikamwaka moto.

"Mama Bendera," majirani walimtania, "hiyo nchi yako inaitwaje?"

Miezi ya karibuni mfuko ulikuwa hauchaniki sana. Akajisifu moyoni kwamba mkono wake umekolea.

Kisha adhuhuri moja shemeji yake, rubani, mdogo wa mumewe, alikuja kutua huku upepo ukivuma kwa vishindo kutoka ubavuni. Magurudumu yalipokaribia kugusa chini, bawa moja likanyanyuliwa. Ndege ikayumba, ikatoka njiani, ikachomeka pua mtaroni. Rubani, aliyekuwa peke yake, akatoka ameushika mkono uliovunjika.

"Mfuko ulining'inia kama suruali iliyoloa," alimwambia mkaguzi wa usafiri wa anga aliyefika kesho yake. "Ningejua kuna upepo, nisingetua."

Mkaguzi akatazama mlingotini. Mfuko ulikuwa umetuna, unapepea. "Kijana, usinifanye mtoto. Leseni yako iko mkononi mwangu."

Hata hivyo akaagiza ushushwe, mshonaji autazame. Chini kidogo ya pete ya chuma inayoshikilia mdomo wa mfuko, turubai lilikuwa limekunjamana kama shingo ya gunia lililofungwa. Nyuzi za kijani zilikuwa zimenasa pale, za utepe wa kwenye kikapu chake mwenyewe. Akainua macho. Mumewe alikuwa akikagua kufuli la geti, kufuli lisilo na kasoro yoyote.

Ndugu wale wawili hawakuwa wamesalimiana tangu walipogombania shamba la baba yao.

Akamvuta mumewe nyuma ya kibanda.

"Baba watoto, nani aliufunga?"

"Kufunga nini?"

"Usinizungushe."

Mumewe akaangalia viatu vyake. "Mimi. Siku za upepo, kama hakuna ndege, huwa naufunga usichanike. Nakuonea huruma vidole. Jana niliposikia mngurumo nilikimbia, nikachelewa. Nikaufungua watu wote wakiwa mtaroni."

Kumbe si mkono wake uliokolea.

"Ulijua ni yeye anayekuja?"

"Ningejuaje? Alitegemewa leo."

"Na umesimama pale unasikiliza mdogo wako akiitwa mwongo."

"Nitafukuzwa kazi, mke wangu."

"Utafukuzwa. Twende."

Alimtazama akitembea mbele yake, mabega yale aliyoyazoea, akajikuta anayachunguza kama ya mtu aliyebisha hodi na hajasema shida yake.

Mumewe alisema yote mbele ya mkaguzi, bila kupunguza. Rubani alimsikiliza, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni.

"Vidole vya mkewe!" akacheka kwa uchungu. "Kaka, ungetafuta hata uongo wenye miguu." Kisha akamgeukia mshonaji. "Shemeji, wewe ndiye unayeishi naye. Unamwamini?"

"Namwamini," akajibu, haraka kupita kiasi.

Mumewe akageuka kumtazama. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyeonekana hajalisadiki jibu la mkewe.